Kuvua trauti ukitoka Nairobi: Gatamaiyu, Aberdare, Ziwa Ellis au Rutundu, mtu wa kawaida aende wapi?

Kuna swali nimeulizwa kazini, nikaulizwa na majirani wa ploti, juzi hata fundi wangu wa gari akaniuliza akiwa amelala chini ya gari na spana mkononi: mtu anaishi Nairobi, si memba wa klabu yoyote, hana rafiki mwenye shamba Nanyuki, anataka tu ziwa dogo lenye trauti, yule samaki wa maji baridi, akae kando yake na fimbo ya kuvulia siku moja mbili bila mtu kumfukuza, aende wapi? Hizi sehemu nimezizunguka miaka kadhaa sasa, zingine mara nyingi zingine mara moja tu, na naona ni vizuri niziweke moja kando ya nyingine ndio mtu achague akijua anachagua nini, juu mimi nilianza bila kuambiwa kitu na iliniuma.

Iliniuma hivi. Safari yangu ya kwanza kabisa nilienda na binamu yangu hadi lodge moja upande wa Mlima Kenya, tulikuwa tumesikia kuna kibwawa nyuma chenye trauti, tukatoka Kasarani saa kumi usiku na chai kwa thamosi, tukafika getini saa mbili na nusu. Askari alikuwa kijana mpole, hata hakutugombeza, akatuambia tu, "Poleni sana, kuvua hapa ni kwa wageni wamelala." Tukamuuliza kulala ni pesa ngapi, akatutajia, binamu yangu akanyamaza. Tulikula mkate wetu kando ya ukuta tukiona maji yanang'aa kule nyuma ya miti, na samaki mmoja akaruka, nilimwona kwa macho yangu, duara ikapanuka juu ya maji ikaisha. Tukageuza gari.

Tangu siku hiyo mi sichagui maji, nachagua geti. Kabla sijauliza samaki ni wakubwa aje nauliza geti ni ya nani, bei imewekwa mahali mtu yeyote anaeza kuiona, na nikilipa napata risiti ya kuonyesha mtu mwingine akinisimamisha huko ndani? Kama majibu hayo matatu yako, hata samaki wakiwa wadogo nitaenda. Kama hayako, hata kama wanaruka wenyewe hadi kwa sufuria, siendi.

Watu huniambia lakini Katiba si inasema maji ni yetu sote, na ni kweli, kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kimeweka mito na maziwa kwenye ardhi ya umma, pamoja na misitu ya serikali na mbuga za wanyama. Shida ni kwamba mvuvi lazima asimame mahali. Pale unaposimama pakiwa ni shamba la mtu, haki yako ya maji inaishia kwa seng'enge yake. Ndio maana maji yenye maana kwa mtu kama mimi na wewe ni yale yaliyo ndani ya msitu wa serikali au ndani ya mbuga, juu hapo ukingo nao ni wa umma, na mwenye geti ni afisa anayejua kazi yake ni kukuingiza ukishalipa.

Kitu kingine kinachopunguza hii orodha ni baridi. Trauti si samaki wa huku kwa asili, wa kwanza waliletwa 1905, mlowezi Mwingereza Ewart Grogan alitoa trauti wa kahawia Loch Leven kule Scotland wakawekwa kwenye mto Gura, milima ya Aberdare, halafu wale wa upinde wa mvua wakaja kutoka Afrika Kusini 1910. Ni samaki wa maji yanayofanya vidole vife ganzi. Joto la maji likipita nyuzi 20 hivi anaanza kuteseka, maana maji ya moto hayashiki hewa ya kutosha, na kuzaa anataka maji yanayotembea juu ya kokoto safi. Nairobi tuko kwenye mita kama 1,700 juu ya bahari, vibwawa vyetu ni vya tilapia na kambale, kwa hivyo hakuna njia ya mkato, lazima upande. Na kwa sababu ziwa lisilo na kijito kizuri samaki hawaongezeki wenyewe, maji mengine hutegemea vifaranga vinavyotoka kituo cha kutotolesha trauti cha Kiganjo, Nyeri, kwa hivyo swali la kuuliza kabla ya safari si "kuna samaki?" pekee, uliza pia waliwekwa lini mara ya mwisho.

Basi twende.

Gatamaiyu na Kimakia nitazisema pamoja juu mlango wake ni wa aina moja, ni kambi za uvuvi za serikali kutoka zamani, ndani ya misitu ya chini ya Aberdare. Gatamaiyu iko upande wa Lari, Kiambu, kwenye ule msitu wa Kikuyu Escarpment, na Kimakia iko juu ya Gatura, Murang'a, ukifuata barabara ya kutoka Thika inayopanda kwenda Njabini. Ukitoka tao mapema unafika unavua na unalala kwako usiku huo huo, na kwa mtu asiye na gari hii ndio sehemu pekee kwenye orodha yote ambayo matatu na boda zinaeza kukufikisha karibu. Kiangazi mi nimeenda na gari ndogo ya kawaida, nikaiacha kwa kituo cha msitu nikatembea.

Lakini niseme mapema ndio mtu asikasirike akifika: hapo hakuna ziwa, ni mito. Na mto wa msituni ni mgumu kwa mtu anayeanza kuliko watu wanavyodhani. Kuvua trauti huku kwetu ni kwa nzi bandia, zile nyoya zimefungwa kwa ndoano ndogo, minyoo hapana, na nzi haina uzito, kinachoipeleka mbele ni laini yenyewe, ule uzi mzito wa fimbo, kwa hivyo laini lazima kwanza inyooke nyuma yako angani ndio uirudishe mbele. Sasa mahali mto ni mwembamba na miti imeinama pande zote mbili hiyo nafasi ya nyuma unaitoa wapi? Siku yangu ya kwanza Gatamaiyu nilikuwa nimepoteza nzi saba kabla ya saa nne, zote zimenasa kwa matawi. Kulikuwa na guka mmoja, mzee wa pale, anachunga ng'ombe kando ya msitu, aliniangalia kwa muda mrefu bila kusema kitu, halafu akaja akasimama karibu.

"Habari ya leo, guka?"

"Mzuri. Kijana, usirushe. Inama chini halafu uachie maji yakupelekee."

Nikapiga magoti nyuma ya jiwe, nikashika fimbo karibu na maji, nikaachilia nzi ishuke na mkondo yenyewe hadi chini ya mzizi mmoja mweusi, na pale pale laini ikasimama ikaanza kwenda kando. Trauti mwenyewe alikuwa mdogo, urefu wa kiganja na vidole, ana madoa mekundu mbavuni, nikamrudisha. Guka alikuwa ashaondoka na ng'ombe wake lakini nilichojifunza pale kwa dakika tano sikukipata kwa video zote nilizokuwa nimeangalia.

Kwa hivyo huku chukua kama unataka siku moja, pesa kidogo, mtoto anaeza kutembea, na haujali samaki wakiwa wadogo. Usiende baada ya mvua kubwa, mto unageuka rangi ya chai ya maziwa na trauti havuliwi kwa maji asiyoona kitu. Na ukifika muulize askari wa msitu kama ndovu wamepita hivi karibuni, uliza hivyo hivyo waziwazi, hatakucheka.

Aberdare yenyewe, ile mbuga, ni kitu tofauti kabisa ingawa ni safu ile ile ya milima. Geti ni ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, unalipa kwa eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, kabla haujatoka nyumbani, bei zote ziko hapo za raia na za wageni, za gari na za kulala, na mimi kwa hilo peke yake naipatia alama nyingi. Unaingilia Mutubio ukitokea Naivasha na Kinangop au Kiandongoro ukitokea Nyeri, na katikati ya hizo geti mbili ndio kuna ile nyika ya juu, mita 3,000 hivi, nyasi za mafungu mpaka macho yanachoka, na ndani yake Chania, Gura, Karuru na Magura zikipita. Mto bado, najua, si ziwa, lakini mto ulio wazi, hakuna mti nyuma yako, unarusha laini vile unataka. Gura ndio ule mto wa 1905, na mi husikia kitu fulani nikisimama hapo, kujua huyu samaki nimeshika ni kitukuu cha wale waliokuja kwa meli.

Ugumu wake ni gari. Aberdare bila 4x4 usijaribu, hiyo barabara ya juu ikilowa ni sabuni, na geti hawatakuruhusu na ile gari yako ya kwenda kazini. Halafu kuna mbogo. Mbogo wa Aberdare hukaa ndani ya vichaka karibu na maji, yaani mahali hasa unataka kusimama, kwa hivyo chukua renja wa kukusindikiza, ulipe, usione ni pesa imepotea. Mara moja tulikuwa watatu tunashuka kwa Chania renja akatushika bega wote tukasimama, hatukuona kitu, tukanusa tu, harufu kama ya zizi, tukarudi nyuma polepole tukazunguka mbali. Peke yangu ningeendelea kutembea.

Kulala kuna ile Fishing Lodge ya KWS, unapika mwenyewe, au unaweka hema. Na hii ndio ningeshauri familia ambayo ni mmoja tu anavua, juu wengine wako na kitu cha kufanya, kuna maporomoko ya Karuru, mita 273, ya kwenda kuangalia, kuna ndovu, kuna baridi ya kukaa karibu na moto. Kwa Ellis ambayo naenda kusema sasa, asiyevua atachoka kabla ya saa sita mchana.

Ziwa Ellis. Hili ndilo jibu la swali kama lilivyoulizwa: ziwa, dogo, lina trauti, na geti ni ya umma. Liko upande wa mashariki wa Mlima Kenya kwenye njia ya Chogoria, karibu mita 3,500, ndani ya mbuga ya Mlima Kenya ambayo ilitangazwa 1949. Kutoka Nairobi unapita Thika, Makutano, Embu, Chuka, kilomita kama 200 za lami nzuri, unafika Chogoria mchana ukishangaa mbona watu wanasema ni mbali. Mbali inaanzia hapo. Kutoka mjini hadi geti ya mbuga ni kama kilomita 30 za udongo, unaanza na mashamba, unaingia msitu mkubwa, unatoka kwa msitu unaingia mianzi, inazidi kuwa nyembamba mpaka majani yanapiga vioo vya gari pande zote, halafu ghafla kunafunguka na kuko baridi na uko getini kwenye mita karibu 3,000. Halafu bado kuna njia mbaya ya juu hadi ziwani.

Sisi tulikuwa wanne, tukaacha gari yetu Chogoria kwa jamaa ya mmoja wetu tukakodi Land Rover ya mzee mmoja wa pale, na hiyo Land Rover ndio ilikula zaidi ya nusu ya pesa yote ya safari, viingilio na leseni vikiwa pamoja havikuifikia. Nasema hivyo ili mtu apange vizuri: ukienda Ellis mkiwa wawili utaona ni ghali, mkiwa watano gari ikijaa inakuwa sawa tu na wikendi ya kawaida Naivasha. Mzee alitushusha akasema kitu kimoja kabla hajageuza, "Vijana, mkisikia mvua usiku msinipigie nije asubuhi. Ngojeni ikauke. Hii njia haina huruma." Na upande huu wa mlima ndio unapata mvua nyingi zaidi, kwa hivyo hayo si maneno ya kupuuza, tembea na chakula cha siku moja zaidi.

Tulilala geti usiku wa kwanza ndio mwili uzoee. Usipite hiyo hatua. Mtu anatoka Nairobi asubuhi anataka kulala mita 3,500 usiku huo huo, kichwa kitamuuma, atatapika, na kesho yake badala ya kuvua atakuwa kwa hema akiomba arudishwe. Na mlimani hawaruhusu mtu kuingia peke yake, tafuta mwenzako au mchukue kiongozi wa pale.

Asubuhi ya pili nilitoka kwa hema saa kumi na mbili na hema lilikuwa gumu, ukilishika linatoa sauti kama karatasi, ni barafu. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa, ukungu unatembea juu yake polepole, na kwenye huo utulivu duara ndogo ndogo zinafunguka moja hapa moja pale, na kwa ziwa lazima ujue hizo duara zinasema nini. Trauti wa mto anakaa mahali pamoja ameangalia mkondo anangoja chakula kije. Wa ziwa hana mkondo, yeye ndiye anatembea, kwa hivyo ukiona duara mbili zimefuatana kuelekea kushoto usirushe pale alipo, rusha pale anapoenda, halafu utulie. Nilirusha nzi nyeusi ndogo mita tatu mbele yake. Nikahesabu. Laini ilinyooka kidogo tu, kama mtoto amekushika nguo, nikainua fimbo na akaondoka.

Alikuwa wa upinde wa mvua, urefu kutoka kiwiko changu hadi ncha ya vidole, mgongo wa kijani una madoa meusi na ule mstari wa pinki ubavuni ambao ukimtoa kwa maji dakika chache unaanza kufifia, kwa hivyo mwangalie mapema. Ni baridi kushika kama jiwe la asubuhi. Tulipompasua nyama yake ilikuwa rangi ya papai, mwenzetu mmoja akaogopa akadhani ameharibika, kumbe ni vile vijidudu vya maji vyenye maganda anavyokula vinavyompa hiyo rangi. Tulimkaanga na chumvi na kitunguu peke yake. Ugali ulichelewa sana, huko juu maji yanachemka kwa nyuzi kama 88, kwa hivyo beba gesi zaidi ya ile unafikiri inatosha.

Na hapa ndio kuna kitu kinachochanganya watu kwenye kuchagua. Ellis ni mbali na ni ghali lakini ni rahisi kuvua, maana ni wazi pande zote, mtu aliyefundishwa kurusha laini wiki iliyopita anaeza kushika samaki. Gatamaiyu ni karibu na ni bei ya chini lakini inataka ujuzi. Kwa hivyo wale husema nitaanza na ya karibu nijifunze halafu niende ya mbali, wengi hukata tamaa hapo hapo kwa ya karibu. Adui wa Ellis ni upepo, ukifika saa nne tano asubuhi unaanza na laini inakurudia usoni, basi vua alfajiri na vua jioni, mchana lala.

Rutundu nayo ni ziwa zuri zaidi kati ya yote niliyoona na sitaki kulinyima sifa zake. Liko upande wa kaskazini wa mlima ukipandia Timau, mita 3,100 hivi, na kando yake kuna vibanda viwili vya magogo, ndipo William, mwana wa mfalme wa Uingereza, na Kate walilala mwaka wa 2010 kwenye ile safari aliyomposa, na ukikaa pale jioni taa zimewashwa unaelewa. Juu yake zaidi kuna Ziwa Alice, unafika kwa kutembea, na wavuvi wa zamani wakiongea habari ya samaki wakubwa ndilo wanalotaja. Niliingia mara moja, tukiwa kikundi cha kuchanga, tukabuku vibanda miezi mbele. Na hapo ndio alama zake zinashuka kwa hesabu zangu: ili ukae vizuri unahitaji vibanda, vibanda ni vichache, na vikijaa basi. Mtu akiniuliza ziwa la kwenda na mkewe wakisherehekea miaka kumi ya ndoa nitasema Rutundu bila kufikiria. Mtu akiniuliza ziwa la umma la kurudi kila mwaka, hapana.

Vibwawa vya lodge na vya mashamba sitasema mengi. Viko vingi kuzunguka mlima, vingine vinatunzwa vizuri sana, na kwa mtoto wa miaka sita ambaye anataka kushika samaki leo si kesho ni sawa. Piga simu, uliza hili kwa maneno haya: "Mtu ambaye halali hapo anaeza kuvua? Ni pesa ngapi, na samaki nikimshika ni wangu ama namlipia kwa kilo?" Wakikuzungusha, acha. Na kama shida yako ni kula trauti tu, Nanyuki kuna mkahawa uko juu ya mti wa mugumo, shamba la trauti liko chini yako, unakula unaenda nyumbani. Ndakaini pia watu huiuliza sana juu iko karibu na inaonekana kama ziwa, ni bwawa la maji ya kunywa ya Nairobi, lina wasimamizi wake, usijiendee tu na fimbo, omba ruhusa kwao kwanza.

Kuhusu makaratasi, maana hapa ndio wengi hushikiwa. Kiingilio cha mbuga si leseni ya kuvua. Ni vitu viwili. Kiingilio ni cha KWS, leseni ya kuvua ni ya watu wa uvuvi, na msituni Kenya Forest Service nao wana kiingilio chao. Leseni chukua mapema siku ya kazi, usingoje Jumamosi asubuhi ukiwa barabarani, ofisi zimefungwa na geti atakuambia ukweli kwamba yeye haitoi. Ukiichukua uliza hapo hapo samaki wangapi unaruhusiwa kubeba na wa urefu gani, uandike nyuma ya risiti. Vitu vyote viweke kwa simu na pia viprinti, huko juu ya mianzi hakuna netiwaki, na renja mwenye njaa ya kazi yake akikukuta kando ya maji karatasi inaongea vizuri kuliko wewe.

Miezi: Januari na Februari ndio bora kwa zote. Kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei sahau Ellis na sahau barabara ya juu ya Aberdare. Julai na Agosti mvua imepungua lakini ukungu na baridi vinakaa mchana kutwa, mi huenda Gatamaiyu hiyo miezi maji yakiwa safi.

Sasa nikilazimishwa niseme mtu achukue gani. Hauna gari na hauna pesa nyingi, Kimakia au Gatamaiyu, lakini kwanza fanya mazoezi ya kurusha laini kwa uwanja wowote mtaani wiki mbili, funga kipande cha uzi badala ya ndoano. Uko na familia na unaeza kupata 4x4, Aberdare. Unataka ziwa na mko marafiki wanne watano wa kuchanga, Ellis, hata kama hamjawahi kushika fimbo, na mkae usiku tatu si mbili. Mi mwenyewe nikipewa safari moja tu kwa mwaka naenda Ellis, na sababu ni ile geti, nikifika na risiti yangu hakuna mtu ananiuliza mimi ni mgeni wa nani.

Fundi amechagua Kimakia, anaenda na kijana wake wa miaka kumi mwisho wa Januari. Nimemwazima fimbo yangu ile fupi na nimemfungia nzi nane kwenye kipande cha sponji, nne nyeusi nne za kahawia. Jumapili tulikuwa uwanjani nyuma ya gereji tukifanya mazoezi, na kijana ndiye aliyeshika haraka, dakika ishirini laini inanyooka nyuma vizuri, inasimama, inarudi mbele, halafu anamwambia babake, "Baba, usiharakishe, ngoja inyooke."